Tangi Ndilo Mgonjwa

Mtu akinipigia simu kuniambia samaki wake wameota madoa meupe, humjibu kwamba nitafika. Akinipigia tena siku ya tano kuniambia madoa yametoka yenyewe, kwa hiyo nisijisumbue, hapo ndipo ninapovaa viatu. Samaki wa maji chumvi aliyeota madoa mithili ya chembe za chumvi, kisha akatakata bila dawa yoyote, hajapona. Kilichokuwa mwilini mwake kimeshiba, kimeshuka mchangani, na huko kinazaana.

Ugonjwa huu nimeujua kwa sababu ya kutafuta riziki, si kwa mapenzi ya samaki. Mapenzi yalikuja baadaye. Nilianzia katika bohari moja ya samaki wa mapambo, kaskazini ya Mombasa. Biashara hiyo hata watu wengi wa Pwani hawaijui. Toka Shimoni hadi Kilifi kuna wapiga mbizi wasiovua kitoweo. Wao huzamia kutafuta kangaja wa buluu, vitatange, kamba wadogo wenye mistari, na wale samaki wa rangi ya machungwa wanaolala ndani ya maua ya bahari. Huwanasa kwa vyandarua vidogo vya mkono, huwapandisha juu taratibu ili kibofu chao cha hewa kisije kikawapasukia, na huwaleta bohari wakiwa hai. Baada ya siku kadhaa samaki hao hufungwa mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, hupangwa ndani ya maboksi ya povu, na kupanda ndege kwenda Ulaya au Marekani. Siku mbili hivi kabla ya safari hawalishwi, maana samaki aliyeshiba huchafua maji ya mfuko na kufa humo humo akiwa angani.

Kati ya bahari na ndege ndipo penye matangi, na penye matangi ndipo penye maradhi.

Msimamizi wetu alikuwa mpiga mbizi mstaafu ambaye masikio yalimkatalia kuzamia. Sote tulimwita Ami. Hakuwa na darubini wala hakuhitaji. Kila alfajiri, kabla taa hazijawashwa, alipita mbele ya matangi na kurunzi yake, akisimama hapa na pale. Siku za mwanzo nilimfuata nikitazama ngozi za samaki, nikitafuta madoa.

"Wewe watazama shati, mwanangu," aliniambia. "Tazama shavu."

Alikuwa na maana ya mashavu ya samaki, pale penye matamvua, anapopumulia. Samaki mzima hupumua bila haraka, wala huwezi kusema anajitahidi. Samaki ambaye vimelea vimemwingia kwenye matamvua hupumua mbiombio, hukaa karibu na bomba la hewa au uso wa maji, hujikuna kwenye mawe, na hukataa chakula. Yote hayo yaweza kutokea pasipo doa hata moja mwilini. Ami aliweza kumtoa samaki katika tangi na kumpeleka chumba cha nyuma siku mbili kabla sisi wengine hatujaona sababu. Mara chache sana alikosea, na alipokosea hakuna aliyedhurika.

Kimelea chenyewe kina jina la kisayansi, Cryptocaryon irritans. Mjapani Sikama alikwisha kuandika habari zake miaka ya 1930, na jina hilo kilipewa mwaka 1951 na mtafiti Mwingereza, E. M. Brown. Ni kiumbe cha seli moja chenye vijinywele vya kuogelea. Hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, na doa jeupe tunaloliona ni yeye akiwa anakula, amefunikwa na ngozi ya mwenyeji wake. Hapo dawa nyingi hazimfikii. Baada ya siku tatu hadi saba hutoka, aghalabu usiku wa manane au alfajiri, hutambaa chini, na hujijengea kifuko kigumu juu ya jiwe au mchanga. Ndani ya kifuko hicho hugawanyika na kugawanyika, na kifuko kimoja huweza kutoa watoto zaidi ya 200. Watoto hao huogelea kumtafuta samaki, na wasipompata katika muda wa siku moja au mbili hufa. Nguvu zao za kuambukiza huanza kupungua baada ya saa chache tu.

Sasa fikiri juu ya bahari. Doa likianguka usiku kutoka kwa kangaja aliye kwenye mwamba wa Kisite, kangaja huyo kesho yake yuko mbali, mkondo umepita, na wale watoto mia mbili wanaanguliwa mahali pasipo na mtu. Wengi wao hufa bila kumwona samaki. Ndiyo maana wapiga mbizi wetu huweza kuzamia mwaka mzima na wakaona samaki mwenye madoa mara moja moja tu. Tangini, kifuko kikipasuka, samaki yupo hapohapo, amelala palepale alipolala jana. Kimelea ni kilekile na samaki ni yuleyule. Kilichobadilika ni nyumba.

Hilo ndilo nililoondoka nalo bohari, na ndilo linalonipa ugomvi na wateja hadi leo. Mwenye tangi humwona samaki mgonjwa na hutaka samaki huyo atibiwe. Mimi namwona samaki mgonjwa na nataka tangi lote litibiwe, pamoja na wale wanaoonekana wazima. Yeye ana mgonjwa mmoja, mimi nina hesabu ya vifuko nisivyoviona.

Ugomvi mkubwa kuliko yote niliupata katika hoteli moja ya ufukweni iliyoniajiri kutunza tangi la ukumbini, la lita elfu mbili hivi, lenye matumbawe hai, kamba, konokono na samaki wachache waliokuwa wamezoeana. Mama aliyesimamia hoteli alikuwa mchapakazi, na msimu wa Desemba ulikuwa unabisha hodi. Nikiwa sipo, walinunua kangaja wa buluu ya unga, yule mwenye pezi la manjano mgongoni, mzuri hata mtu akasahau alichokuja kufanya. Walimtia moja kwa moja kati ya wengine. Kila anayefuga anajua kwamba kangaja huyo ndiye wa kwanza kushikwa na madoa na ndiye mgumu kupona. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya pampu, anapumua kama Ami alivyonifundisha kuogopa.

"Fundi, wageni wanaanza kuingia Ijumaa," mama aliniambia. "Nataka samaki wangu pale."

"Samaki utawapata, mama. Lakini si Ijumaa hii, wala si Ijumaa ya mwezi ujao."

Nikamweleza kazi ilivyo. Samaki wote watolewe, hata mmoja asibaki, wapelekwe kwenye tangi tupu la matibabu nyuma ya chumba cha kufulia. Tangi la ukumbini likae bila samaki siku 76. Hesabu hiyo si ya ushirikina. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki nne, lakini watafiti waliwahi kuona vingine vikikawia hadi siku 72, kwa hiyo wafugaji huongeza siku chache za tahadhari. Kimelea kikianguliwa na kukosa samaki, kinakufa njaa. Kamba na matumbawe hakiwadhuru wala hakipati chakula kwao.

Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa afunge hoteli. Kila mfanyakazi akaleta tiba yake. Wa jikoni alisema vitunguu saumu kwenye chakula. Wa baa alikuwa amefuga samaki wa maji baridi, akasema ongeza joto, madoa yatakimbia. Huyo hakuwa mjinga. Ugonjwa wa madoa wa maji baridi upo kweli, na joto husaidia kuutibu, lakini kimelea chake ni kingine kabisa, na undugu wao ni wa sura tu. Cha baharini hustawi vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na wakati wa kaskazi, ukumbi usipopozwa, tayari maji yako hapo. Kuongeza joto ni kukiharakishia uzazi na kumpunguzia samaki oksijeni kwa wakati mmoja.

Mwingine alipendekeza dawa ya chupa iliyoandikwa kwamba ni salama kwa matumbawe. Kwa hizo nina neno moja. Dawa yenye nguvu ya kuua kiumbe cha seli moja ndani ya maji kwa kawaida haichagui, itaua na mengine yaliyo laini. Sijaona chupa ya namna hiyo ikilitakasa tangi. Nimeona zikiuzwa siku ya kwanza, na siku ya tano, madoa yalipoanguka kwa kawaida yake, zikisifiwa.

Kangaja alikufa usiku ule, kabla hatujamtibu. Hilo ndilo lililomaliza mjadala.

Dawa tuliyotumia ni shaba. Shaba hufanya kazi kwa kuwaua wale watoto wanaoogelea, kabla hawajamfikia samaki, na utamu wake unaishia hapo. Mengine yote ni shida. Shaba ya kawaida inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.15 na 0.20 katika kila lita. Chini ya hapo ni kupoteza muda, juu ya hapo unaanza kumwua samaki mwenyewe. Kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kidogo. Mawe na mchanga wa chokaa huinyonya, leo unatia, kesho ukipima haipo. Kwa hiyo tangi la matibabu halina mawe wala mchanga, lina vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, sifongo la kuchujia, na mashine ya hewa. Asubuhi na jioni napima. Ikishuka naongeza kidogo kidogo, na nikibadilisha maji, maji mapya nayatia shaba kwanza.

Adui wa pili katika tangi hilo ni amonia. Tangi jipya halina bakteria wa kula uchafu wa samaki, na samaki dhaifu hawezi kubeba maradhi, shaba na amonia kwa pamoja. Wafugaji makini huweka sifongo la akiba ndani ya chujio la tangi kubwa miezi yote, likijaa bakteria, ili siku ya dharura lichomolewe tayari. Na umeme ukikatika, jambo ambalo Pwani halihitaji kuelezwa, mashine ya hewa ya betri ndiyo inayookoa maisha. Ninao wateja wenye taa za bei ya pikipiki wasio na mashine hiyo.

Njia zisizo na dawa pia zipo. Moja ni kumhamisha samaki kwenye tangi jingine safi, kavu hapo awali, kila baada ya siku tatu, mara nne mfululizo. Vifuko haviwezi kupasuka kabla ya siku ya tatu, kwa hiyo kila kilichomwanguka samaki kinaachwa nyuma. Nyingine ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari yetu husoma karibu 1.025 kwenye haidromita. Yakishushwa taratibu hadi 1.009 na kukaa hivyo wiki nne, vimelea hupasuka na samaki wengi huvumilia. Lakini haidromita ya bei rahisi hudanganya, na huko Taiwan imewahi kupatikana aina ya kimelea hiki inayoishi kwenye maji ya chumvi kidogo kuliko hapo. Siku hizi njia ya kuhamisha ndiyo niipendayo kwa samaki wachache. Kwa wengi, mgongo haukubali.

Tangi la ukumbini lilikaa bila samaki msimu wote. Mama aliogopa wageni wangelalamika, na wawili watatu walilalamika. Lakini lilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Samaki walipoondoka, vile viumbe vidogo walivyokuwa wakivila vilitoka mafichoni. Kamba walianza kutembea mchana. Minyoo yenye mashada ya rangi ilichanua kwenye mawe, kaa mdogo ambaye hakuna aliyejua yumo alionekana akibeba kokoto, na watoto wa wageni walikuwa wakilala kifudifudi mbele ya kioo kumtafuta. Mhudumu wa mapokezi aliniuliza kama lazima samaki warudi. Nilimwambia amwulize mama.

Usifikiri kila doa ni ugonjwa huu. Bohari tulikuwa na mwingine tuliouogopa zaidi, unaoletwa na Amyloodinium ocellatum, ambao E. M. Brown huyohuyo aliueleza mwaka 1931. Samaki huonekana kana kwamba amenyunyiziwa vumbi la dhahabu iliyofifia, ukimtazama kwa upande chini ya kurunzi. Lakini mara nyingi samaki hufa kabla vumbi hilo halijaonekana, maana kimelea huanzia kwenye matamvua. Kifuko chake huweza kutoa watoto 256, na tangi lililojaa samaki jioni huweza kuwa na maiti asubuhi. Kupunguza chumvi hakukisumbui. Hapa mtu hana wiki ya kufikiri, shaba inaanza siku hiyohiyo. Na wale samaki wa machungwa wa kwenye maua ya bahari wana ugonjwa unaowashika zaidi kuliko wengine, Brooklynella, unaowafanya wachubuke na kutoa ute mweupe mzito. Huo haungoji kushuka mchangani, huzaana juu ya samaki mwenyewe, na shaba hauijali. Sisi tuliutibu kwa formalini, nje penye upepo, pua zimefungwa.

Kisha kuna minyoo bapa. Kitatange mmoja Nairobi alikuwa na macho yenye ukungu, mwenyewe amekwisha kumtia shaba bila faida. Nilimwomba ndoo, maji yasiyo na chumvi yaliyoondolewa klorini na kulinganishwa joto na uchachu na yale ya tangi. Nikamchovya samaki kwa dakika tano, mkono wangu ukiwa tayari kumtoa. Minyoo hiyo ni angavu kama kioo, juu ya samaki huioni. Maji baridi yakiigusa hugeuka myeupe na kuanguka. Mwenye samaki aliinama juu ya ndoo, akaona vibapa vyeupe vimetapakaa chini, akarudi nyuma hatua mbili. Baada ya hapo ni prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho, na kurudia tena kwa ajili ya mayai.

Watu hupenda kunionyesha samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi na buluu, anayeingia hadi vinywani mwa samaki wakubwa. Wanasema wamemnunua amalize madoa. Msafishaji ni mfanyakazi kweli. Mtafiti Alexandra Grutter, huko Australia, alionyesha kwamba mmoja wao hula vimelea kama 1,200 kwa siku. Lakini vimelea hivyo kwa wingi ni vijidudu jamii ya kaa na kamba vinavyonyonya damu, si vile vilivyojichimbia chini ya ngozi. Zaidi ya hayo, kwenye tangi lisilo na samaki wa kusafishwa, hufa njaa. Samaki huyu anavuliwa kwetu kwa wingi, na ningependa aachwe kwenye mwamba wake, ambako wateja hupanga foleni.

Waliobaki wa hotelini walirudi ukumbini wakiwa wazima. Samaki aliyeponea maambukizo hupata kinga kwa miezi kadhaa, jambo jema kwake na la hatari kwa tangi, maana anaweza kubeba vimelea vichache bila kuonyesha doa. Ndiyo sababu siku hizi siruhusu samaki yeyote aingie kabla ya kukaa peke yake wiki nne hadi sita, hata awe ametoka kwa rafiki, hata awe ametoka baharini jana. Mama alinikubalia kwa sharti kwamba tangi la karantini lisionekane na wageni. Bado liko karibu na mashine za kufulia.

Msimu ulipoisha, aliniambia jambo lililonitisha kuliko madoa yote. Alitaka kupunguza gharama, na alifikiri itakuwa sadaka nzuri kuwachukua samaki wale na kuwaachia majini, hapo mbele ya hoteli, wageni wakipiga picha. Nilimwambia kwamba samaki wa madukani hukaa katika maji yanayozungukia matangi mengi, pamoja na samaki wa Indonesia na Ufilipino, na hakuna kurunzi ya Ami inayoweza kuona walichobeba. Nikamwambia pia habari ya samaki simba, yule mwenye mistari na miiba ya sumu tunayemjua kwenye miamba yetu. Mwaka 1985 alionekana Florida, ambako hakuwahi kuwapo, na inaaminika alitoka kwenye matangi ya wafugaji. Leo ameenea Karibi yote akila samaki wachanga, na watu wa huko hawajui la kumfanya.

Mama aliwaacha tangini, na mshahara wangu ukaendelea. Lakini najua wengine, Nairobi na Dar es Salaam, wanaochoka na tangi na kuona njia rahisi ni kwenda ufukweni na ndoo. Tafadhali, msifanye hivyo. Mpe jirani anayefuga, mrudishie aliyekuuzia, au mtafute fundi yeyote wa matangi. Samaki aliyekwisha kukaa tangini asirudi baharini, hata kama ni mzima, hata kama alivuliwa hapohapo.